Wito wa Harambee: Dansi ya Wawindaji na Friza ya Ghala la Chakula

Bwana asifiwe, ndugu na dada.

Jumamosi ya pili ya Novemba, kuanzia saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa kanisa letu hapa Pennsylvania utakuwa na dansi ya wawindaji. Ni desturi ya zamani ya miji midogo ya huku: msimu wa kulungu ukikaribia, watu hula na kucheza pamoja, na mapato huenda kanisani au kwa zimamoto wa kujitolea. Sisi tunaongeza rumba. Tiketi ni dola 25, watoto bure.

Mapato yatalipia nyama ya kulungu (yule ayala wa Zaburi, tuseme) inayogawiwa kwenye ghala letu la chakula. Utaratibu ni ule uliozoeleka jimboni tangu mpango wa wawindaji kugawa nyama, Hunters Sharing the Harvest, uanze mwaka 1991: mwindaji anamkabidhi kulungu kwa mchinjaji aliyeidhinishwa, mchinjaji anasaga na kufungasha, wenye uhitaji wanapewa bure. Ila mchinjaji naye ana wafanyakazi na bili ya umeme. Tumekubaliana naye dola 120 kwa kila kulungu, na kulungu wa wastani hutoa pauni 40 hadi 50, milo kama 200. Tunataka kulungu 30: dola 3,600.

Dola 900 nyingine ni za friza ya futi 20 za ujazo, na hapa ndipo tulipobanwa. Baadhi ya kulungu wa huku wana ugonjwa uitwao CWD (Chronic Wasting Disease, ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu), uliogunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Haijathibitika kwamba unaambukiza binadamu, lakini wataalamu wanashauri nyama ya kulungu mwenye ugonjwa huo isiliwe, na moto wa jikoni hauuondoi. Kwa hiyo kulungu wa maeneo yenye ugonjwa hupimwa tezi za shingoni, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Muda wote huo nyama inakaa kwenye barafu, kila mfuko na namba ya mnyama wake, bila kuchanganywa na ya mwingine. Ikichanganywa, jibu moja baya linatupa yote. Friza hiyo inabeba kulungu 12 hadi 14, wengine wakitoka wengine wanaingia.

Wawindaji mnaotoa kulungu: mtoeni matumbo papo hapo na kumpoza chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Siku za joto za Oktoba, saa chache tu zinatosha kuharibu nyama. Aliyepigwa tumboni mara nyingi mchinjaji humkataa, maana uchafu umeshaenea kwenye nyama. Palipopita risasi pakatwe kwa upana. Vipande vya risasi husambaa mbali na jeraha, na wanaokula ni watoto na wajawazito pia.

Mezani kutakuwa na pilau ya ng'ombe, kuku na sombe (majani ya muhogo). Kulungu hatakuwepo, kwa sababu sheria inakataza kuuza nyama ya mnyama wa porini, na tiketi ni kuuza. Wamama wa sambusa, hilo linawahusu ninyi hasa: sambusa ya kulungu ni ya kugawa tu, hata kwa senti moja haiuzwi.

Ahadi ziandikwe kwa mweka hazina kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mchinjaji anataka malipo ya kulungu 10 wa kwanza yawe mkononi kabla msimu wa bunduki haujafunguliwa, Jumamosi inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba.