Kwa vijana wangu wa barazani Wete: someni hukumu kabla ya kuipigia vigelegele

Wanangu,

Assalamu alaykum. Nimekaa nanyi barazani mwaka mzima wa uchaguzi, nikisikiliza zaidi kuliko kusema. Sasa nimeona niandike, maana barazani mtu hamalizi jambo lake kabla hajakatizwa. Wengi wenu mnajua kwamba nilikuwa karani wa mahkama hapa Pemba tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Sikuwa hakimu wala wakili. Nilifungua majalada, niliita mashahidi, nilipiga chapa hukumu, na mwenye kesi alipokuja dirishani nilimpa nakala yake. Kazi hiyo haimpi mtu cheo, lakini nimeyaona mengi nikiwa nyuma ya dirisha lile.

Naanza na Septemba 11, 2025. Mahakama Kuu kule Dodoma ilitoa uamuzi katika kesi ya Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo, aliyekuwa amezuiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi asirejeshe fomu zake za kugombea urais wa Muungano. Nyinyi mlipiga kelele hadi watu wakatoka madukani. Furaha ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa mgombea mwenza wake, Fatma Fereji, ni Mzanzibari mwenzetu. Siku nne baadae, Septemba 15, Tume ikamwondoa tena, safari hii kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jioni ile baraza lilikuwa kimya. Mmoja wenu akasema, na wengine mkaitikia, kwamba mahkama hazina maana, bora zifungwe.

Nilinyamaza kwa sababu nami nilikuwa na majonzi. Lakini mahkama iliamua nini? Iliamua kwamba Mpina asizuiwe kurejesha fomu, na hatua za uteuzi ziendelee. Nyinyi mlichosikia ni "Mpina karudi". Baina ya maneno mawili hayo pana uwazi wa kutosha kupitisha pingamizi, na ndipo lilipopita. Sisemi kuwa pingamizi lile lilikuwa la haki. Nasema kwamba aliyeisoma amri yenyewe siku ya tarehe 11 alijua mapambano hayajesha, na aliyesoma ujumbe wa WhatsApp alidhani yamekwisha.

Mtaniuliza kwa nini jambo hili linanikera hivi. Nna deni nalo.

Baada ya uchaguzi wa 1995, nyinyi wengi hamjazaliwa, Pemba iligawanyika vibaya. Watu wa kijiji kimoja walikuwa hawazikani. Mtu alipita dukani kwa ndugu yake akenda kununua mchele mbali, kwa sababu ya chama tu. Katika miaka hiyo ililetwa kesi ya mikarafuu, baina ya jamaa wawili, huyu wa chama hiki na yule wa chama kile. Kesi yenyewe haikuwa na siasa hata chembe. Ilikuwa juu ya miti kumi na kitu iliyopandwa na babu yao. Lakini kila siku ya kusikilizwa, uwanja wa mahkama ulijaa watu waliokuja kuona chama chao kikishinda.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa karibu saa nzima. Alisema miti ni ya fulani, na mavuno ni yake. Hapo hapo nje zikaanza takbiri na vigelegele, mtu akabebwa juu juu. Hakimu aliendelea kusoma, na hakuna aliyemsikiliza: ardhi ilipo miti ile si ya mshindi, haki ya kuitumia ni ya mwenzake. Nyinyi ni watoto wa Pemba, mnajua kwamba kwetu mtu anaweza kumiliki mkarafuu na asimiliki udongo uliouotea. Mshindi hakurudi kuchukua nakala. Ilikaa dirishani kwangu, nimeifunga uzi, karatasi ya kaboni bado imenata nyuma. Mwaka wa pili yake nilipita njia ile nikaona ameanza kuweka msingi wa nyumba katikati ya mikarafuu. Nilisimama. Niliona matofali, niliona mkewe akichota maji ya udongo. Nikajiambia si kazi yangu, karani hatoi ushauri, na zama zile neno moja la mtu wa mahkama lingetafsiriwa kuwa ni la chama. Nikapita.

Nyumba ilifika lenta. Mwenzake akaenda mahkamani na ile ile hukumu ambayo mwenye nyumba aliishangilia. Ikavunjwa. Mkewe nilimwona siku ile amekaa juu ya rundo la matofali, mikono ina vumbi jeupe mpaka viwikoni, hasemi na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ambayo ingemzuia mumewe, nami sikusema. Ndiyo maana leo nasema, hata kama mtachoka na mimi.

Sasa niwapeleke kwenye hukumu kubwa zaidi, ambayo naona hakuna barazani anayeijua vizuri ingawa kila mmoja anaishi ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa 1997 walikamatwa wanachama wa CUF, chama cha upinzani, wakafika 18, wakashitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Walikaa ndani karibu miaka mitatu. Kesi inajulikana kwa jina la Machano Khamis Ali na wenzake 17. Novemba 2000 watu hao walikuwa huru, na mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatamka kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano.

Pemba ilisherehekea. Mimi pia nilifurahi, sifichi, kwani watu wale walikuwa na watoto. Lakini hebu zingatieni tulichokuwa tunakishangilia. Waliofurahi zaidi walikuwa ni wale ambao maisha yao yote wanasema Zanzibar ni nchi. Na sababu iliyowafurahisha ilikuwa inasema Zanzibar si dola. Kwa upande wa pili, serikali iliyowaweka ndani watu kwa jina la mamlaka ya Zanzibar ikajikuta ndiyo iliyoyapeleka mamlaka hayo mahkamani na kurudi mikono mitupu. Hakuna upande ulioisoma hukumu ile kwa ukamilifu siku ile. Kila mmoja alichukua kipande chake akenda nacho nyumbani.

Na hukumu haikulala. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, visiwa vyote viliwaka, CCM kwa CUF. Watu walimlaumu Pinda kana kwamba neno lile limezaliwa kinywani mwake. Wanangu, msingi wake ulikuwa umeshawekwa miaka minane kabla, na sisi tuliupigia vigelegele. Hapo ndipo siasa ilipofanya kazi iliyo yake. Mwaka 2010, baada ya Maridhiano ya vyama viwili hivyo na kura ya maoni ya Julai 31 ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba, na ndani yake likaandikwa wazi kwamba Zanzibar ni nchi, miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Hawakumtukana jaji, wala hawakuchoma jalada. Waliikuta sababu ya hukumu, wakaijibu kwa maandishi pahala panapostahiki. Kama jibu lile linatosha kisheria, wasomi bado wanabishana, na nyinyi mnaosomea sheria Tunguu mna haki ya kubishana nao. Lakini mbishane mkiwa mmeisoma.

Mahkama na siasa zikigongana haina maana kila mara kwamba mmoja ni mwizi. Mara nyengine mahkama inafungua mlango na siasa inaufunga. Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama, na Bunge likabadilisha Katiba mwaka ule ule kuuziba ushindi wake. Mara nyengine ni jaji mwenyewe aliyefungwa mikono na maandishi. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume, hakuna mahkama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake, na Katiba ya Zanzibar ina kifungu cha aina hiyo hiyo. Mnapokaa barazani mkiuliza "mbona majaji wako kimya", mnamwuliza mtu aliyezibwa mdomo kwa nini hasemi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilishasema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Maneno ya ibara hiyo yapo mpaka leo. Novemba 2019, kabla hata hukumu hiyo haijatoka, Tanzania ilikuwa imeshatangaza kujitoa katika tamko linaloruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahkama ile. Hasira zenu zielekezeni kwenye maandishi hayo, muwabane kwayo wawakilishi na wabunge wanaokuja kukuombeni kura.

Neno moja pia juu ya lile zuio la Mahakama Kuu la Juni 10, 2025 dhidi ya CHADEMA, kwa vile mashitaka yalihusu mgawanyo wa mali za chama baina ya Bara na Zanzibar, na mlalamikaji mmoja alikuwa makamu mwenyekiti wa zamani wa chama hicho kwa Zanzibar. Mlivutana usiku mzima, nusu yenu mkisema chama kimefutwa, nusu mkisema Wazanzibari wameshinda haki yao. Amri ile ilisimamisha shughuli za siasa na matumizi ya mali kwa muda, hadi kesi ya msingi isikilizwe. Mwaweza kuiona nzito mno kwa chama katika mwaka wa uchaguzi, na mimi naiona hivyo. Lakini chama hakikufutwa, na Mzanzibari hakupata hata shilingi. Zuio la muda si hukumu. Tafadhalini, hili lishikeni.

Msinielewe kwamba nawaomba mumheshimu kila jaji kwa kila neno. Nimewaona mahakimu walioogopa, nimemwona hata aliyeahirisha kesi mara tisa mpaka shahidi akafa. Jaji akikosea semeni amekosea, na semeni wapi: aya gani, kifungu gani, ushahidi upi aliuruka. Maneno ya namna hiyo wakili anaweza kuyabeba kwenye rufaa. Kumwita jaji mtu wa chama fulani hakumsaidii wakili yeyote, na aliyeshindwa kwa haki atajificha nyuma ya maneno yenu.

Nimechapisha nakala mbili za uamuzi wa kesi ya Machano. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha mahkamani, kigumu, kwa hiyo namtaka yule kijana wetu anayesoma Tunguu akae karibu yangu atafsiri. Jumapili baada ya sala ya alasiri nitakuwa barazani na mkeka wangu. Tutasoma ukurasa kwa ukurasa, na simu ziwekwe kwenye kapu mpaka tumalize. Atakayeshikwa na kazi siku hiyo, nakala moja nitaiacha kwa muuza kahawa, imefungwa uzi.

Mzee wenu,
karani mstaafu, Wete