Jinzi yako nimeituma

Mama angu, hujambo huko Dodoma? Sisi wazima, mdogo wako tu ana mafua.

Sasa nikwambie, ile simu yako ya zamani uliyoiacha kwenye droo nimeichaji juzi, nikakuta ule mziki uliokuwa unaninyima usingizi, hao Ramones, bendi ya roki ya Marekani. Nikasema ngoja leo nisikilize, nikachomeka hedifoni zako, nasikia besi, ngoma na jamaa anaimba basi, nikashangaa kelele zote zile kumbe gitaa hamna! Kumbe upande mmoja umekufa. Nikaazima za mdogo wako, weeee, gitaa likaniingia sikio la pili kama mashine ya kusaga. Wameweka besi huku, gitaa kule, ukipoteza sikio moja umepoteza mtu mzima.

Albamu nzima nyimbo 14, dakika 29. Yani dansi la enzi zetu ukisubiri wimbo mmoja mpaka sebene liishe hawa wameshapiga nne na wanahesabu wa tano, wan tu thrii foo. Na yule Johnny, mpiga gitaa wao, mkono wake unapiga kwenda chini tu, chini tu, nikajaribu pajani dakika moja bega likaanza kuuma.

Nimesoma habari zao pia. Watoto wa Queens, New York, wote wanajiita Ramone na hakuna ndugu hata mmoja hapo. Albamu hiyo, yao ya kwanza, ilitoka Aprili 1976, ilikula kama dola 6,400 tu, kipindi hicho magwiji wa roki wanapiga solo mpaka ukalale uamke. Wao wakasema hapana, kodi tatu za gitaa zinatosha. Haikuuza kivile, Marekani iliishia namba 111. Leo wote wanne wale wa kwanza hawapo tena, wa mwisho Tommy alifariki 2014.

Ila kilichoniumbua ni ile picha ya kava. Wamesimama ukutani, wamenuna, majaketi ya ngozi, magoti nje. Nikakumbuka nilivyokufokea ile Jumapili na jinzi yako iliyochanika, nikakuuliza mtumba mzima umekosa suruali nzima? Mama yako akaishona kiraka cha kitenge ukalia.

Nimeituma kwa basi la kesho asubuhi, iko chini ya unga. Kiraka nimekifumua mwenyewe usiku kwa wembe. Mama yako usimwambie.

Baba