Shukrani kwa dada wa treni ya Kazan

Dada yangu, sikukuuliza jina, na treni ilipofika Kazan, Urusi, ulipotelea kwenye umati nikiwa bado nahangaika na begi. Nakushukuru hapa hadharani, huenda salamu zikakufikia.

Nilipanda Moscow nikiwa sijui kusoma hata kibao kimoja cha Kirusi. Uliponisikia naongea Kiswahili kwenye simu, ulikuja kukaa mbele yangu na chai yako ya moto, ukageuza bahasha ukaanza kuandika. Hukunibebesha herufi zote 33 kwa mpigo. Ulianza na zile zinazodanganya macho: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Ukaandika РЕСТОРАН. Mimi nikasoma "pektopa". Hukunicheka. Uliweka kidole chini ya herufi moja moja, ukasubiri, mpaka nikatamka mwenyewe: restoran. Mgahawa! Furaha ile siisahau. Х ukaniambia ni kh ya Khamis, na Я ni "ya" nzima kwa herufi moja.

Maneno yalikuwa machache: izvinite (samahani), skolko stoit (bei gani), na spasibo (asante), ambayo ulisisitiza mwisho wake husikika "spasiba".

Wiki iliyofuata, kwenye metro, treni ya chini ya ardhi ya Moscow, nilisoma peke yangu ВЫХОД В ГОРОД, njia ya kutokea mjini, nikaifuata bila kumuuliza mtu.

Bahasha ninayo bado, na doa la chai pembeni. Spasibo, dada. Mungu akujaze kheri.