Swichi kubwa si ya kuzimia seva

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa wiki iliyopita aliyezishauri ofisi na shule zizime kila kitu kwenye swichi kubwa jioni ili kupunguza bili ya umeme. Taa na feni, sawa. Seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, hapana.

Mwaka 1994 nilikuwa opereta wa mashine ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta kubwa za ofisi, katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pamba. Ijumaa moja mlinzi, kwa nia njema kabisa, aliteremsha swichi kubwa wakati karani ndiyo kwanza amemaliza kuingiza malipo. Jumatatu nilipowasha, fsck, programu ya kukagua na kutengeneza diski, ikaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, nami najibu "y" hadi kidole kikachoka. Mafaili mengine tuliyakuta kwenye lost+found, folda ya vilivyookotwa, yamebaki na namba badala ya majina. Karani aliingiza upya stakabadhi za siku nzima, na wiki ile hakunisalimia.

Kompyuta ikisema imehifadhi, mara nyingi kazi yako bado iko kwenye kumbukumbu ikisubiri zamu ya kwenda kwenye diski. Ni kama muuza duka anayeandika madeni kwenye kipande cha boksi, ayahamishie daftarini baadaye. Kwenye Unix za zamani uhamishaji huo ulifanyika kila sekunde 30 hivi. Umeme ukikatwa kabla, boksi limepeperuka.

Ndiyo maana sisi wa zamani tuliandika amri ya sync mara tatu kabla ya halt, ile ya kusimamisha mashine. Vijana hucheka, wakidhani ni tambiko. Sync ya enzi hizo iliagiza tu data ziandikwe, haikungoja ziishe. Ule muda wa kuandika ya pili, ukabonyeza Enter, ukaandika ya tatu, ndio uliokuwa dawa. Kijana mmoja niliyemfundisha alizipanga zote tatu kwenye mstari mmoja kwa nukta mkato, akajiona mjanja, kumbe muda wa kungoja ameufuta!

Siku hizi sync ya Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix, hungoja, na amri ya shutdown husimamisha programu, huandika kilichobaki, huachia diski, ndipo huzima. Lakini mtu lazima aitoe hiyo amri, kisha asubiri.

Mimi baada ya Jumatatu ile nilibandika karatasi juu ya swichi: "Usiguse mpaka taa ya mashine izime yenyewe." Mlinzi yule yule ndiye aliyeniomba niiandike upya kwa herufi kubwa.

Opereta mstaafu,
Mwanza