Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama 2025: Ada, Mahudhurio na Suala la Zile Tiketi 40

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenda sinema, habari zenu na poleni na majukumu. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka 2025, nimeiandika mwenyewe usiku maana katibu kasafiri, naomba muisome yote kabla ya kuanza kunijibu kwenye grupu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara 9, tukaangalia muvi 6 kwa projekta, ukumbini tukaenda mara 4, wenzetu wawili walioa tukachangia, mmoja alifiwa na mama yake tukaenda msibani. Taa ya projekta ilikufa mwezi wa tano, nikatoa hela yangu mfukoni ili tusikwame, mpaka leo nimerudishiwa nusu. Basi, hayo yamepita.

Kwenye hela, daftari lina watu 58 na waliolipa ada ni 21. Ada ni 30,000 kwa mwaka mzima, kwa hiyo imeingia 630,000 na iliyobaki 1,110,000 iko mifukoni kwenu. Na kikao cha Agosti tulikuwa watu 7, saba jamani, kati ya 58, na nilikuwa nimeshatuma ujumbe mara nne, mtu anausoma, anaweka kidole gumba, haji. Hili linaniuma kuliko hata ada.

Sasa nije kwenye tiketi 40, maana najua ndo mnachosubiri.

Julai wengi mlitaka twende Jurassic World Rebirth kwa tiketi za chama, mimi nikakataa, nikasema hela ya chama mwaka huu inanunua hadithi mpya tu, muendelezo kila mtu ajigharamie. Septemba nikanunua tiketi 40 za ile ya mapenzi yenye mastaa wawili, A Big Bold Beautiful Journey ya Margot Robbie na Colin Farrell, kwa bei ya kundi 9,000 ambayo niliipata mimi baada ya kwenda kuongea na watu wa ukumbi mara tatu kwa nauli yangu. Jumla 360,000. Mkaja 13. Viti 27 vikakaa vitupu nimevilipia, na mjumbe mmoja akaandika mwenyekiti kachoma hela ya chama kwa mastaa waliochuja. Uamuzi ulikuwa wangu na siukimbii, kamati tulikuwa watatu siku ile na wote tulikubaliana, ila acheni nieleze nilichokuwa nakiona.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tunakumbuka, kabla hujatoa hela yako mlangoni unauliza swali moja tu, steringi nani? Ukiambiwa Arnold au Van Damme unaingia, hadithi huijui, hujui hata kama Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, kaitafsiri, unaingia kwa sababu steringi unamjua na unajua hafi. Hollywood nao biashara yao ilikuwa hivyohivyo. Ndo maana mwaka 1996 Jim Carrey alilipwa dola milioni 20 kwa muvi moja, Julia Roberts naye akafika hapo kwenye Erin Brockovich ya 2000, jina lao kwenye posta lilikuwa linauza tiketi lenyewe. Na 2010 DiCaprio akaja na Inception, hadithi mpya kabisa ambayo hata kumsimulia mtu ni kazi, ikapita dola milioni 800.

Leo swali la mlangoni limebadilika. Mtu anauliza hii ni ya ngapi? Angalieni kumi zilizoongoza duniani kwa mauzo 2024, Inside Out 2, Deadpool & Wolverine, Moana 2 na wenzake, hamna hata moja ya hadithi mpya, zote ni muendelezo au kitu ambacho watu walishakijua kabla. Halafu mchukueni Scarlett Johansson. Julai 2024 alikuwa kwenye Fly Me to the Moon pamoja na Channing Tatum, hadithi mpya, bajeti kama dola milioni 100, ikakusanya kama milioni 42 dunia nzima. Mwaka mmoja baadaye, Julai hiyohiyo, yuko kwenye hiyo Jurassic yenu na imepita milioni 800. Mtu ni yuleyule, aliyeongezeka ni dinosa. Margot Robbie naye, 2022 alikuwa kwenye Amsterdam na Christian Bale na wengine kibao, bajeti milioni 80, ikaishia kama milioni 31, Desemba ikatoka Babylon akiwa na Brad Pitt, nayo bajeti iko hukohuko kwenye 80 ikaishia kwenye 63, halafu 2023 Barbie inapita bilioni 1.4. Sasa huyo kachuja wapi? Watu walikuwa wanamjua mwanasesere, ndo waliyemfuata.

Na hizo namba msizisome juujuu. Ukumbi unabaki na karibu nusu ya hela ya tiketi, na matangazo hayamo kwenye bajeti inayotajwa, kwa hiyo muvi ya milioni 100 mpaka ikusanye kama 250 ndo wenyewe wanapumua. Zamani ikidondoka ukumbini ilikuwa inafufukia kwenye DVD. Matt Damon alilieleza hili 2021, kwamba miezi kama sita baadaye hela ya DVD inakuja ni kama muvi imetoka upya, na hiyo hela ilipokufa zile muvi za kati za watu wazima kuongea na kupendana zikakosa mtu wa kuzitolea hela. Juu yake ikaja korona. Kabla ya hapo muvi kubwa ilikaa kumbini karibu siku 90 kabla ya kufika nyumbani, Julai 2020 studio ya Universal na kampuni ya kumbi ya AMC wakasaini makubaliano ya siku 17. Mtu akishajua wiki tatu nyingine ataiona kitandani kwake, kwa nini apande daladala kwenda kuona hadithi asiyoijua? Kwenye dinosa anaona bora aende, anataka skrini kubwa na lile spika. Na staa mwenyewe siku hizi tunamuona bure kwenye simu toka asubuhi hajanawa uso, ile hamu ya kumsubiri mwaka mzima imeisha.

Wapo mtakaosema mbona Sinners ya Aprili ilikuwa hadithi mpya na tukajaa. Ndiyo, tulijaa, na ile pia niliichagua mimi ingawa hamna aliyenishukuru. Michael B. Jordan anacheza mapacha, mwongozaji Ryan Coogler kapiga picha kwa kamera za IMAX, zile za skrini kubwa kabisa, muziki ule, watu waliotoka ndani waliwaambia wa nje, na muvi iliyotengenezwa kwa chini kidogo ya milioni 100 ikapita 360. Weapons ya Agosti haikuwa hata na jina la staa mkubwa kwenye posta, bajeti milioni 38, ikapita 260. Kwa hiyo nakubali, staa peke yake hatoshi tena, lazima kuwe na kitu mtu atakachoona amekikosa asipokuja. Ya Septemba hicho kitu haikuwa nacho, nilisoma vibaya hapo. Ila msimamo wa kununua hadithi mpya siuondoi, kwa sababu ukumbi unaangalia wiki ya kwanza tu, viti vikiwa vitupu wanaipa muendelezo skrini yake, halafu nyinyi haohao Oktoba mnaniuliza kwenye grupu mbona kila siku namba tatu namba nne. Na wa kwanza kuomba linki ya Telegram ya ile muvi, nina ushahidi, alikuwa na tiketi yetu na hakuja.

Mwaka 2026 natumaini tutapata udhamini kidogo, projekta mpya Mungu akipenda, na kuna mtu kaniahidi ukumbi mdogo, bado tunaongea. Tiketi za kundi tutanunua 20 tu, na orodha anaandikwa aliyelipa ada, bila kujali ni rafiki yangu au nani. Zile 27 za Septemba ninazo kwenye bahasha na majina yameandikwa nyuma, nitakuja nazo kwenye mkutano mkuu kila mtu achukue yake.