Mapagala haya yazibwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mapagala ya jijini. Detroit, Marekani, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Walipohama, nyumba tupu zikageuka kuni za wachomaji. Mwishoni mwa Oktoba 1984 zimamoto wa kule walikabili matukio zaidi ya 800 ndani ya siku tatu tu.

Dar haihamwi, inafurika. Mapagala yetu ni ya mirathi iliyokwama au mjenzi aliyeishiwa. Lakini pita Magomeni jioni: moshi unatoka dirisha lisilo na fremu, vijana wanachoma nyaya wapate shaba ya kuuza kwa kilo. Moto ukishika, gari la zimamoto lipite wapi? Kichochoro chenyewe bajaji inabanwa. Tunapiga 114, kisha tunawazomea askari kwa kuchelewa, ilhali vibanda vya chipsi vimeziba njia (na tunakula hapohapo).

Manispaa iwaamuru wenye mapagala wazibe milango kwa tofali, wakikaidi izibe yenyewe na kuwadai gharama. Wenyeviti wa mitaa wanawajua kwa majina.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam