Kwa Zuhura, msomaji wangu wa kwanza

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, na wote huku ni wazima. Natumai na kwako ni hivyo hivyo. Barua yako niliipata, nikaisoma huku nacheka peke yangu, hasa pale uliposema umemfuma binti yako ameandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu, na kwamba sasa daftari lina hadithi nyingi kuliko hesabu. Unaniuliza ufurahi au ukasirike. Halafu, kwa ujanja wako ule ule, unachomeka swali la pili kana kwamba ni la kupitia tu: mimi nilifikaje kwenye kitabu chenye jina langu mgongoni, nami nilianzia kwenye daftari kama hilo hilo?

Nianze na la mtoto, maana ndilo lenye haraka. Hesabu afanye, hapo simtetei. Lakini hadithi yake usiisogelee na kalamu nyekundu. Usimwambie "hapa umekosea herufi", usimwambie "mbona hukuweka nukta". Isome mpaka mwisho kama unavyosoma maandishi ya mtu mzima, kisha muulize: halafu ikawaje? Basi. Najua utaliona jibu hili jepesi, nawe ni mtu wa kudai sababu, ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

Unakumbuka nilivyokuwa naandika kuanzia ukurasa wa mwisho nikija mbele? Masomo yanatoka mbele, hadithi inatoka nyuma, na siku vinapokutana katikati, daftari limekwisha na hadithi imekwisha, itake isitake. Ndiyo maana hadithi zangu zote za wakati ule zina miisho ya ghafla. Watu wanasafiri, wanapotea, wananyang'anywa mali, halafu ndani ya mistari mitatu wote wamerudi nyumbani salama, kwa sababu ukurasa unaofuata una jiografia. Nilikuwa natengeneza na jalada. Nachora mstatili kwa rula, naandika jina la hadithi kwa herufi kubwa zenye kivuli, chini yake jina langu, na chini kabisa "Toleo la Kwanza". Toleo la pili nilitarajia litoke wapi, sijui.

Kisha nakupitishia chini ya dawati. Hapo ndipo nilipojifunzia kuandika, Zuhura, na sidhani kama uliwahi kujua. Wewe ukisoma, mimi nakutazama macho. Ulikuwa husemi kitu, mwalimu yuko mbele, lakini nilikuwa najua kabisa umefika wapi. Penye ugomvi ulisoma polepole, midomo umeibana. Penye maelezo yangu ya mawingu na maua, ambayo nilikuwa nimeyatolea jasho, kidole chako kilikuwa kinateremka moja kwa moja mpaka pale mtu anapoanza kusema, unaendelea kutoka hapo. Nilikuwa naumia! Lakini katika hadithi iliyofuata mawingu yalipungua, na katika iliyofuata tena yakapungua zaidi, na hakuna aliyenifundisha hilo ila kidole chako.

Insha za darasani zilinifundisha kinyume chake. Sizibezi, zilinipa tahajia, zilinipa aya, zilinipa na ujasiri wa kujaza karatasi nyeupe kabla kengele haijalia. Ila alama zilikuwa kwenye mapambo. Ukifungua na methali, ukapachika misemo mitatu minne, jua likachomoza kwa madaha, umepata. Nami nilizikusanya alama hizo, nikabaki na tabia ya kuivisha kila sentensi nguo za sikukuu. Nitakufikisha kwenye gharama yake.

Kwanza nikupe kisa kimoja, kwa sababu kinamhusu binti yako kuliko kinavyonihusu mimi. Watoto wa akina Brontë, kule Uingereza, waliletewa na baba yao askari wa mbao mwaka 1826. Ilikuwa zawadi ya mvulana, Branwell, lakini dada zake nao walijitwalia kila mmoja askari wake. Wakawapa majina, wakawatungia nchi, kisha wakaanza kuwaandikia vitabu na magazeti madogo madogo, mengine hayatoshi hata kujaza kiganja. Herufi waliziandika ndogo mno, wakiiga chapa ya mashine, hata mtu mzima alipata taabu kuzisoma. Hilo ndilo linalonipendeza: walikuwa wanatengeneza vitabu, si hadithi tu, tena vitabu vya siri ambavyo wakubwa hawaviingilii. Charlotte, mmoja wa dada hao, alipokua akaandika riwaya, ile ya kwanza wachapishaji waliikataa mmoja baada ya mwingine. Riwaya yake nyingine, Jane Eyre, ilipotoka mwaka 1847, kwa jina la bandia la Currer Bell, ile ya kwanza ilikuwa bado imelala. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1857, yeye mwenyewe keshafariki miaka miwili nyuma.

Lakini usije ukamtazama mwanao ukasema "mwandishi huyu", ukaanza kuwatangazia watu. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, alianza kuandika akiwa kijana wa miaka 21 hivi, ugenini, baada ya kuondoka kwao. Alizaliwa mwaka 1948, riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1987, na Nobeli akaipata mwaka 2021. Kwa hiyo mtoto anayeandika anaweza asiwe mwandishi, na asiyeandika anaweza akawa. Mwache aandike kwa kuwa anapenda leo. Mimi mwenyewe kuna miaka mingi katikati ambayo sikuandika hata mstari, unaijua, nayo haina cha kusimulia: kazi, watoto, uchovu. Kilichonirudisha ni usingizi kukataa. Usiku mmoja nilikaa nikaandika ukurasa, kesho yake nikataka kujua kinafuata nini.

Sasa la pili. Mswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, ukakaa kimya mpaka nikadhani umepotea njiani. Nilipouliza niliambiwa "bado uko kwa wasomaji". Hao si wasomaji kama wewe. Ni watu wanaopewa mswada wausome na kuandika ripoti ya kumshauri mchapishaji auchukue au auache. Haukuchukuliwa. Mwingine aliurudisha na ukurasa mmoja wa maoni, na kwa kweli ule ukurasa mmoja ulinisaidia kuliko sifa zote nilizowahi kupewa nyumbani. Wa tatu ndiye aliyeukubali, kwa sharti kwamba tuufanyie kazi.

Tuliufanyia kazi kwelikweli. Nikuonyeshe sentensi moja tu. Mimi niliandika: "Jua lilikuwa likizama taratibu nyuma ya milima huku ndege wakirejea viotani mwao kwa nyimbo tamu, ndipo Mama Sela alipoufungua mlango na kukikuta kitanda kikiwa kitupu." Mhariri akapiga mstari juu ya yote mpaka kwenye jina la Mama Sela. Pembeni akaandika: "Hawa ndege wanatafuta nini hapa?" Ikabaki: "Mama Sela akafungua mlango, akakuta kitanda kitupu." Nilikasirika mchana kutwa. Jioni nikaisoma kwa sauti, nikaona kwamba mama anayemtafuta mwanawe haoni ndege. Baada ya hapo nilikuwa naingia kwenye kila sura natafuta ndege wangu mwenyewe, na nilikuwa nao wengi, kila mmoja na alama zake kumi kati ya kumi.

Kuna mambo ya ufundi ambayo mtoto hawezi kuyawaza akichora jalada lake. Vitabu vingi hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa, na karatasi moja ikikunjwa na kukatwa hutoa kurasa 16. Changu, kilipopangwa, kikafika kurasa 162. Kumi na sita mara kumi ni 160, kwa hiyo zile mbili zilikuwa zinadai karatasi nyingine. Mhariri akanipigia simu, akaniuliza kama naweza kupunguza kurasa mbili. Nilipunguza. Mzee mmoja wa sura ya saba aliyekuwa anasimulia ndoto yake sasa anasema tu kwamba ameota vibaya, na hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza aliota nini. Baadaye zikaja prufu, yaani kurasa zenyewe zilivyopangwa, unazipitia kwa mara ya mwisho. Hapo husomi tena hadithi yako, unawinda herufi. Ushauri wangu ni kusoma kutoka mwisho kuja mwanzo, aya kwa aya, ili hadithi isikubebe. Kazi hiyo nilikuwa nimeshaizoea tangu utotoni!

Mkataba nao niliusoma na mtu anayejua sheria, na nashukuru. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, kwa vitabu vya kawaida mara nyingi huzungukia asilimia 10, lakini uliza: asilimia 10 ya nini? Ya bei inayosomeka kwenye jalada, au ya kile mchapishaji anachopokea baada ya kuwauzia wenye maduka kwa punguzo? Tofauti yake ni kubwa. Uliza pia kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asipochapisha tena, haki zinakurudia lini. Na anayejiita mchapishaji akikwambia utoe wewe gharama za uchapaji, ujue hapo mteja ni wewe. Kujichapishia mwenyewe si aibu, watu wengi wanafanya na wanafanya vizuri, ila mtu afanye akijua anachofanya.

Jambo moja kwenye haya ya sheria mwambie na binti yako, atalipenda. Chini ya Mkataba wa Berne, yaani makubaliano ya nchi nyingi kuhusu haki za watunzi, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, hakimiliki haisubiri kusajiliwa. Kazi ikishatungwa ni mali ya aliyeitunga, na ulinzi wake, kwa kiwango cha chini, ni uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo hadithi iliyo nyuma ya daftari la hesabu ina mwenyewe, na mwenyewe si mama yake.

Siku kitabu kilipotoka haikuwa na kishindo chochote. Sanduku lilifika, nikalifungua kwa kisu cha jikoni, nikanusa karatasi, nikapiga nakala moja picha, nikarudi kuosha vyombo. Furaha ilikuja baadaye sana, nami sikuitegemea pale: nilikuwa nimekaa kwenye foleni, mwanamke asiyenijua ana kitabu changu mkononi. Sikumsemesha. Nilimtazama macho tu, kama mwizi. Akafika mahali akarudi ukurasa mmoja nyuma kuhakikisha kitu, kisha akaendelea. Natamani kujua ni ukurasa gani mpaka leo.

Basi, kuhusu huyo mtoto wetu. Mnunulie daftari lake, la hadithi peke yake, hesabu zipumzike. Usimsimamishe mbele ya wageni awasomee. Najua unavyojivunia watu, lakini hilo litamfanya aandike kwa ajili ya kupigiwa makofi. Asome chochote anachokipenda, hata unachokiona cha upuuzi. Akiacha katikati ya hadithi, mwache, miisho ni migumu hata kwetu wenye kulipwa. Na akiacha kabisa kuandika usimuulize kila wiki "vipi, hadithi ziko wapi?" Ila madaftari usiyatupe. Yaweke mahali pakavu, juu ya kabati, asikoyaona wala yasikoliwa na mchwa.

Akishapata mtu wa kumpitishia chini ya dawati, usiingilie. Huyo ndiye anayehitajika zaidi, kuliko wewe na kuliko mimi.

Nina ombi. Nimetamani sana kuisoma ile hadithi yake uliyonitajia, ya mvuvi aliyeoa mwezi. Usininukulie kwa siri. Muulize kwanza, mwambie mama yake mdogo anaomba sura moja, na kwamba hatasahihisha kitu. Akisema hapana, basi ni hapana, umpe tu salamu zangu. Akikubali, niambie na mahali alipoachia, nisije nikaanza kumuuliza "halafu?" naye bado hajui.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama mzazi umshike miguu kwa niaba yangu. Nitakuandikia tena baada ya kusikia jibu la mwenye hadithi.

Ni mimi rafiki yako,
Rehema